Kitambaa cha Mama Juu ya Serva

Ndugu zangu wa kambi ya Dzaleka munaoniita Enjinia, leo muniache niungame. Serva, kompyuta kuu ya ofisi yetu ya Area 49, Lilongwe, ilikuwa inapata moto sana kwenye memori. Mi nikaandika programu: kipande kimoja cha memori kikipata moto, inahamishia kazi kwenye kipande kilichopoa. Wiki mbili, joto ni lile lile. Ijumaa likashuka ghafla! Jumapili nikatoa ushuhuda kanisani, bamama bakapiga vigelegele. Jumatatu nikamwita patron, bosi wetu, mtu wa Bukavu kama mi, aone namba za joto kwenye skrini.

"Programu yangu njo imefanya hii, patron."

Mama Espérance, Murundi anayetufagilia ofisi, akaingia na kitambaa cha maua kilichopigwa pasi.

"Papa Enjinia, unisamehe, nimechelewa. Kitambaa chako cha kufunika mashine nilikitoa Ijumaa, nikakifua."

Mama yangu ndiye alikifuma. Kwetu hata televisheni haikai uchi, sembuse serva!

Patron akakichukua, akaifunika serva mpaka matundu ya hewa, akavuta kiti.

"Haya, Enjinia. Sasa tuangalie programu ikifanya kazi."

Namba zikaanza kupanda. Mama Espérance, akidhani kupanda njo kushinda, peke yake akapiga makofi.