Samaki Niliyemvulia Dani

Harufu ya slipa inayoungua haijawahi kunipita hivi hivi. Wiki jana nilikuwa nikikatiza mtaa wa Kongo, kule Kawangware, nikamkuta fundi wa viatu amepasha msumari kwenye jiko la makaa na anatoboa soli ya mpira. Nikasimama katikati ya njia na mfuko wangu wa sukuma wiki, watu wakinipiga vikumbo na mmoja akiniuliza, "Madam, umepotea?" Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka kumi, na Dani amekataa chakula.

Dani ndivyo Wajaluo wanavyomwita nyanya. Huyu wangu alikuwa mamake Baba, mwanamke wa ziwani aliyeuza samaki ufuoni tangu kabla Baba hajazaliwa. Aliletwa kwetu Sarang'ombe, Kibera, atibiwe tumbo, na baada ya kupimwa mara mbili hospitali ikasema arudi nyumbani apumzike. Mimi nilidhani kupumzika ni jina la dawa. Alilazwa kwenye kitanda cha Mama, nyuma ya pazia, akaishi kwa strungi, chai isiyo na maziwa, na vijiko vichache vya uji. Mayai alikataa. Nyama alikataa. Samaki wa sokoni alimgeuza upande mmoja, akamtazama jicho, akauliza, "Huyu amekufa siku nyingi. Mnataka nimle ama nimzike?"

Tulicheka, hata Mama alicheka. Kisha Dani akamshika Mama mkono na kumwita binti wa kwao, Ugenya, kama alivyomwita siku zote.

"Nyar Ugenya, nitafutie samaki aliyekuwa anapumua leo. Huyo nitakula."

Ziwa lilikuwa safari ya siku nzima, na Baba alikuwa kwenye kazi ya mjengo mbali na Nairobi, akirudi mwisho wa mwezi. Lakini mimi niliyasikia maneno yale kama ahadi. Dani akipata samaki anayepumua atakula, na akila atapona. Sikuona kilichokuwa kigumu hapo.

Jumamosi nikatembea kwa miguu hadi Kawangware, kwa Anko Ouma, mdogo wake Baba, ambaye alikuwa fundi wa viatu pale Kongo. Anko alikuwa mtu wa kuamini mambo haraka, na ndiyo maana nilimpenda. Nilipomweleza, aliweka chini kiatu cha watu na kuniambia bwawa liko pale pale, chini ya Kibera, tunaligeuzia mgongo kila siku. Mzee mmoja aliyekuwa akifyeka nyasi kando ya bwawa aliwahi kumwambia kwamba zamani Wazungu walitia humo samaki waitwao bass, wenye mdomo mpana, wanaomeza hata vyura, ili wawavue kwa mchezo tu.

"Na Wazungu si walienda?" nikauliza.

"Wazungu walienda. Samaki angeenda na ndege gani?"

Chambo cha kwanza kilikuwa kijiko cha Mama. Anko alikikata mpini, akakitoboa huku na huku, akafunga ndoano kubwa aliyotoka nayo ziwani, ya kuvulia mbuta. Alisema mwenye mdomo mpana ni mwenye mdomo mpana, mbuta na bass ni watu wa ukoo mmoja. Kijiko kikivutwa majini kingemeta kama dagaa anayekimbia. Hapo tulikosea. Bwawa letu lilikuwa limefunikwa na magugu maji, kijani kibichi kutoka ukingo hadi ukingo, ungedhani ni uwanja wa mpira. Kijiko kilitua juu ya majani, kikazama, kikashika mizizi, na tulipokivuta kwa nguvu kikatuletea suruali ya mtu.

Tukajaribu vifuniko vya soda. Anko alivikunja katikati, akatia ndani gololi ndogo za kutoka kwa fundi wa baiskeli, vikawa vinalia kacha kacha. Tukajaribu plagi kuukuu ya pikipiki iwe uzito, na juu yake shungi la nywele za bandia lichezecheze kama mkia. Nywele hizo Mama alikuwa amezificha ndani ya sanduku akingoja kusukwa Krismasi, na nilichapwa kwa ajili yazo, kichapo cha haki kabisa. Nywele zilicheza vizuri sana kwenye karai la maji. Bwawani zilirudi na mfuko wa plastiki.

Kila nilipotoka bwawani nilipita nyuma ya pazia kumpa Dani habari. Alikuwa amekonda mpaka pete ya ndoa imefungwa uzi isidondoke, lakini habari za uvuvi zilimfungua macho. Aliniuliza mambo ya watu wazima: maji yana kina gani, upepo unatoka wapi.

"Na mdomo wake uko aje, huyo samaki wa Wazungu?"

"Mkubwa, Dani! Ngumi yangu yote inaingia." Nilikuwa sijamwona, lakini nilimwonyesha ngumi.

"Basi usimwonyeshe ndoano. Samaki si mjinga, ni njaa tu anayo."

Nilimpelekea Anko maneno hayo mbio mbio. Akachukua slipa ya buluu iliyokatika kanda, akaichonga umbo la chura. Akapasha msumari, akapitisha tundu mdomoni hadi tumboni, moshi ukatujaa puani. Ndoano akaiingiza humo, na ncha yake akaigeuza ilale ndani ya mkato mwembamba mgongoni mwa chura, isionekane wala isikwaruze. Miguu akaikata kwenye tyubu ya baiskeli. Chura yule alielea. Ukimvuta juu ya majani anateleza bila kushika kitu, na samaki akimuuma, mpira unabonyea na ncha inatokeza. Sijawahi kuona kitu kizuri kilichotengenezwa kwa takataka kama kile.

Jumatano nilipotoka shule Anko alifunga kibanda chake mapema, akanikuta kwa bwawa. Palikuwa na uwazi mdogo kati ya magugu, kama upana wa meza, na maji meusi. Nikamrusha chura juu ya majani, nikamvuta polepole, ruka, tulia, ruka, tulia, mpaka akadondoka kwenye ule uwazi. Maji yakapasuka. Uzi ulinikata kidole, Anko akapiga kelele kwa Kijaluo, na baadaye kidogo samaki alikuwa kwenye matope akirukaruka, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko, kijani kilichokoza na mstari mweusi ubavuni. Nilijaribu ngumi yangu. Iliingia.

Tulimtia kwenye ndoo ya rangi tukapanda Kibera tukikimbia. Alifika akipumua.

Mama alikuwa mlangoni akifua. Aliinama juu ya ndoo, na kabla hajamwona samaki aliisikia harufu. Alichota maji kwa kiganja na kuyaacha yamwagike. Kila mtaro wa Sarang'ombe ulishuka kwenye bwawa lile, na kila choo chetu, na hata wale waliofunga haja zao kwenye mifuko na kutupa, mvua iliwapelekea huko huko.

"Ouma," alisema, "hata wewe? Na ukiwa mtu mzima?"

Nilingoja Anko anitetee. Alitazama viatu vyake. Hapo nikajua alikuwa akijua tangu kijiko cha kwanza, na kwamba alitaka tu kushika uzi na mtoto wa kaka yake na kusahau kidogo. Mama alinituma maji. Niliporudi na mtungi, ndoo ilikuwa tupu, imeoshwa, imepinduliwa juani.

"Usiseme kitu," Mama aliniambia akiwa amefunga leso tayari kwenda sokoni. "Tunataka ale. Ni hiyo tu."

Mama alikuwa mwerevu, lakini siku ile alikuwa na haraka na hofu. Katika meza yote ya samaki alichagua mzuri kuliko wote, na mzuri kuliko wote alikuwa ngege, yule tilapia wa ziwani. Alikwenda kumdanganya kwa ngege mwanamke aliyeshika ngege mkononi miaka hamsini.

Alimpika kwa nyanya na vitunguu, mzima, na kichwa chake. Tulimwinua Dani tukamwegemeza kwa mito. "Mama," Mama alimwambia, "huyu ndiye Akoth amekuvulia." Dani alipitisha kidole juu ya kichwa cha samaki, polepole, mpaka kwenye midomo, kikakaa pale. Alimtazama Mama. Akanitazama mimi.

"Erokamano, nyakwara," akanishukuru mimi mjukuu wake. "Huyu kweli alikuwa anapumua."

Akamega ugali. Tonge la kwanza lilimchukua muda kumeza, niliona shingo ikihangaika. La pili. La tatu. Mama aligeukia ukuta, mabega yakamtetemeka. Kitu nilichokitaka kwa wiki mbili kilikuwa kikitokea mbele yangu, na mimi, Mungu anisamehe, nilijawa na hasira. Nilikuwa nimeibiwa.

"Si huyo!" nikapiga kelele. "Dani, huyo si wangu! Wangu alitupwa! Huyo ni wa soko!"

Dani aliingiza mkono kwenye bakuli la maji, akanawa, kidole kimoja kimoja. "Sawa, mama," aliniambia kwa upole. "Nimeshiba." Hakula tena. Baba alifika wiki iliyofuata, akakuta ameshapelekwa mochari.

Kwa miaka mingi niliamini Dani alikasirika kwa sababu alidanganywa na mimi nikamfungua macho. Nilijivunia kidogo, nikisema angalau mmoja wetu alimwambia ukweli. Kisha nikaolewa, nikawa naparua ngege jikoni kwangu, na jioni moja kidole changu kikapita kwenye mdomo wa samaki, mdomo mdogo usioingia hata dole gumba. Nikakaa chini sakafuni na kisu mkononi. Alijua kabla ya tonge la kwanza. Alikuwa akila kwa ajili yetu, na tumbo lile lilivyokuwa, kila tonge lilimuuma. Nilichomnyang'anya si uongo wetu. Ni ule wake, aliokuwa ametupatia.

Mwaka jana nilijikaza nikamwomba Mama msamaha. Tulikuwa tukichambua mboga. Hakuinua uso.

"Ulikuwa mtoto," alisema.

Akachambua jani, na jingine, nikadhani amemaliza.

"Lakini tonge la nne alikuwa ameshalishika."