Mulango yenye Kontena Ilijifungulia

Wewe ni mutu wangu, ndiyo maana nakuelezea hii bila kuficha.

Wakati volkano ilitoka, tulibandika majina ya watoto wenye walipotea kwa ukuta ya paroisse, parokia yetu, kila mama akasoma. Ilikuwa vizuri. Kisha vita ikakuja. Liste mupya ilikuwa na majina ya wenye kukimbia, pamoja na nyumba zenye wanalala, kule mitaa ya Ndosho na Mapendo. Hiyo huwezi kubandika. Kulikuwa watu wenye kuwatafuta kwa ubaya.

Mimi njo nilichunga ordinatere, kompyuta ya paroisse. Linux, mufumo yenye inaiendesha, nilijifunza kwa masomo ya mangaribi, na watoto wane nyumbani. Nilitia liste ndani ya kontena, yaani programu inaishi peke yake ndani ya mashini, kama mupangaji ndani ya parcelle, kiwanja ya mwenye nyumba. Nikafunga pare-feu, ukuta yenye inakataza wageni wa réseau, wa mutandao. Ikaandika: yote imekatazwa. Nikashukuru Mungu, nikaenda kunywa chai.

Masera, mutawa mwenye tulitumika naye, akanifuata na telefone yake mukononi. Alikuwa kwa Wi-Fi ya salle ya mikutano, ile ya wageni.

"Mama, ukuta yako iko na nguvu. Naona mpaka kwenye dada ya mupishi wetu analala."

"Masera, unanicheka."

"Soma mwenyewe."

Nilisoma. Ilikuwa liste yote, na nyumba zote.

Nikasimamisha kontena, nikatafuta mpaka nikaelewa. Docker, yenye inaendesha kontena, nilikuwa nimeiambia ifungue porte 8080, mulango ya réseau yenye liste inasomewa. Yenyewe inaandika sheria zake ndani ya Linux, na mugeni anapitishwa kabla ya ukuta yangu kumuuliza. Mupangaji ametoboa mulango nyuma, na mimi nachunga portail, geti ya mbele.

Nikaangalia journal, kwenye mashini inaandika kila mwenye aliingia: telefone moja tu iliingia, ya Masera. Nikawasha kontena tena, lakini mbele ya ile porte niliandika 127.0.0.1. Maana yake: fungukia hii mashini peke yake.

"Jaribu sasa."

Akajaribu, akatembea mpaka mulango ya kanisa, akajaribu tena.

"Hakuna kitu. Umenifukuza muzuri."

Hakuna familia yenye wale wabaya waliipata kwa sababu yetu. Basi, kama unachunga majina ya watu, usiamini neno ya pare-feu. Toka inje na telefone, jaribu kuingia. Na umuelezee hii kila mwenye unajua anatumika na kontena, naye amuelezee mwengine.