Ukuta wa Undugu

Mchagua nazi hupata koroma, na Fundi Timazi alichagua mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu. Siku yeye na mdogo wake walipogawana kiwanja chao, alisimama katikati mikono kiunoni, akatazama huku, akatazama kule, kisha akasema, "Mimi nachukua upande wa barabarani. Mkubwa ni mkubwa bwana." Mdogo wake, kinyozi, mtu wa kucheka hata akikanyagwa, akasema sawa kaka. Akachukua upande wa nyuma, wenye kichuguu na dimbwi la maji ya mvua.

Timazi lilikuwa jina la kazi. Alikuwa mwashi, na mfukoni hakukosa ile timazi yake, kipande cha chuma kwenye ncha ya uzi, ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Kuta zake zilikuwa zinasimama wima hasa. Hata waliomchukia, na hawakuwa haba, walimchukia wakiwa ndani ya nyumba alizojenga yeye.

Alijenga yake kwanza. Ikaja zamu ya kinyozi, na kama walivyofanya ndugu wengi mtaani pale ili kuokoa tofali, nyumba zao zikachangia ukuta mmoja. Aliyetangulia hujenga, anayefuata huegemea. Ndiyo desturi yao, na ukuta wa namna hiyo wakauita ukuta wa undugu. Hakuna aliyewaza kwamba undugu nao unaweza kupimwa kwa kamba.

Ulipimwa. Serikali ilisema ardhi yote kuanzia barabarani hadi kwenye mawe ya mpaka ni hifadhi ya barabara. Wakazi wakasema wameinunua kihalali kwa ukoo uliolima pale tangu enzi za mababu. Mahakama ikasikiliza pande mbili, ikaamini upande mmoja, na si vigumu kujua upi. Wakaja wapima ardhi, wakavuta kamba kutoka jiwe hadi jiwe. Kamba ikakata mabanda ya kuku, ikapita katikati ya jiko la mjane mmoja, ikafika kwa ndugu hawa wawili na kuteremka kando kabisa ya ukuta wa undugu, upande wa kinyozi. Mpima akachora alama nyekundu ya kubomolewa kwenye mlango wa Timazi. Mlango wa kinyozi akaupita bila hata kuutupia jicho.

Hapo wivu ulimwingia Fundi Timazi, wala haukubisha hodi.

Si kwamba ulikuwa mgeni kwake. Tangu utotoni alimwonea mdogo wake kijicho kwa ule ulimi wake mtamu, na namna watu walivyompenda bila yeye kutoa jasho. Lakini zamani alikuwa na dawa: alikuwa na upande wa barabarani. Sasa kile kichuguu alichokicheka kilikuwa kimesawazishwa zamani, kimeota maua ya shemeji yake, na yale maua yangebaki pale yakinyweshwa maji asubuhi na jioni wakati yeye anatafuta pa kulaza watoto. Kila alipomsikia kinyozi akipiga soga na wateja barazani, alifunga dirisha. Akitembea vizuri, anamringia. Akiinama, anamficha furaha. Hata kikohozi cha yule bwana kilisikika kwake kama kicheko.

Kibaya zaidi, kinyozi alikuwa mwema. Laiti angemdhihaki kidogo, Timazi angepata la kushikilia. Lakini wapi! Kila siku alikuja na sura ya huzuni, "Kaka, umeamkaje? Kaka, usikate tamaa." Hakuna kinachomchoma mwenye wivu kama kuonewa huruma na anayemwonea wivu.

"Wewe baba," mkewe alimwambia siku moja, "mbona unamtazama mdogo wako kama paka anavyotazama samaki kwenye sahani ya mwenzake?"

"Namtazama kawaida."

"Kawaida hiyo ipunguze basi, watu wana macho."

Wakazi walikata rufaa, wakaitana mkutanoni. Mwenyekiti wao, mzee mstaafu mwenye sauti ya gunia la mchanga, akaweka sharti moja. "Hakuna kugusa tofali! Hakuna kung'oa bati wala dirisha. Anayebomoa kwa mkono wake mwenyewe amekiri kwamba ardhi si yake. Na akikiri mmoja, tumekiri sote." Wa kwanza kunyanyua mkono alikuwa Fundi Timazi. "Mimi hata msumari sing'oi!" akapaza sauti, na watu wakampigia makofi. Walidhani ni ushujaa.

Haukuwa ushujaa. Siku chache kabla, ofisa mmoja alikuwa amemtuliza kinyozi: "Ukuta wa katikati tutauacha. Dereva wetu wa buldoza mzoefu, ataishia hapa hapa." Kinyozi akashukuru kwa mikono miwili. Timazi alikuwa amesimama pale pale, na alijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua, kwa sababu mkono uliojenga ulikuwa wake. Kuta za vyumba vyake hazikuwa zimeegemea tu ule ukuta wa undugu. Zilikuwa zimeung'ata, tofali kwa tofali, toka msingi hadi juu, maana alitaka nyumba yake isitikisike. Buldoza likivuta nyumba yake, litaondoka na ukuta. Na paa la kinyozi lilikuwa limelala juu ya ukuta ule ule.

Lilikuwa ni neno moja tu la kumwambia mdogo wake. Dawa nayo ilikuwa nyepesi: kukata zile kona kuta zilipong'atana, kwa nyundo na tindo, kabla mashine haijaja, ukuta ubaki peke yake. Hakulisema. Kila ulimi ulipomwasha, alijikumbusha sharti la mkutano, hakuna kugusa tofali, na sharti likamkaa vizuri moyoni kama blanketi siku ya baridi. Tukilala nje tutalala wote, alijisemea. Ndio undugu huo.

Rufaa ikatupwa. Gari la matangazo likapita mtaani asubuhi: kesho buldoza linaingia, watu watoe vyombo. Watu wakatoa vyombo, lakini tofali hawakugusa. Timazi alikuwa ameketi juu ya godoro nje, kinyozi akaja akamshika mkono.

"Kaka, njoo uone kitu."

Akamwingiza nyumbani kwake, hadi chumba cha mwisho. Kilikuwa chumba cha kulala cha kinyozi na mkewe. Vitu vyao vimeondolewa, sakafu imepigwa deki, na kitanda kikubwa kimesukumwa hadi kwenye ukuta wa undugu.

"Hapa mtalala nyinyi na watoto. Sisi tutajibana sebuleni. Mpaka mtakapopata pengine, hata kama ni miaka."

"Chumba chenu?" Timazi akauliza. Hata ukarimu huyu kaniwahi, aliwaza.

"Shemeji usikatae," mke wa kinyozi akasema kutoka mlangoni. "Mimi nilitaka kitanda kikae upande ule wa dirisha. Huyu kakataa. Eti mlaze kaka penye ukuta wake."

Kinyozi akacheka, akaupiga ukuta kwa kiganja. "Huu kajenga nani? Hata buldoza lenyewe litauamkia!"

Timazi hakucheka. Alitazama kitanda, akatazama mahali boriti za paa zilipokalia ukuta, juu kabisa ya mito. Akilini aliwaona wanawe wamelala pale. Akamwona na mdogo wake. Kisha, kwa kuwa mtu habadiliki kwa siku moja, akawasikia watu wakisema: ukuta wa Fundi Timazi umeanguka. Hata yeye hakujua lipi kati ya hayo lilimtoa mle chumbani.

Alichukua nyundo na tindo, akaingia katika nyumba yake tupu, akaanza kukata kona. Mlio wa nyundo ulisikika mtaa mzima. Mwenyekiti akaja mbio. "Fundi! Wewe wa kwanza kunyanyua mkono!" Mjane wa lile jiko akamtemea mate miguuni. "Msaliti mkubwa we!"

"Nataka tofali zangu," Timazi akajibu, bila kugeuka.

Angewaambia nini? Akisema anamwokoa mdogo wake, wangemuuliza alijua tangu lini. Akaendelea kukata, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka viganja vikachubuka. Jioni ukuta wa undugu ulikuwa umesimama peke yake, haushikani na chochote cha kwake.

Asubuhi buldoza lilikuja, likafanya kazi yake. Nyumba ya Timazi ilikaa chini kwa vumbi, ukuta ukabaki. Ukabaki hadharani na rangi yake ya bluu ya sebuleni, na msumari wa saa, na alama za penseli alizowapimia watoto urefu.

Wakahamia kwa kinyozi. Waliobomolewa wakahamia kwingine, na wengi hadi leo hawamsalimii Fundi Timazi. Kinyozi peke yake alimtetea. "Mimi sikulaumu, kaka," alimwambia siku moja, kwa ule wema wake. "Zile tofali zilikuwa zako. Mtu akibanwa hufanya lolote."

Wateja wa kinyozi sasa wanakaa barazani wakiutazama ule ukuta, na kila mmoja lazima aseme, "Una bahati wewe!" Naye hujibu kwa furaha, "Ukuta wangu mgumu huu!" Wangu. Timazi husikia akiwa chumbani, amelala upande wa pili wa ukuta uliokuwa wa sebule yake mwenyewe.

Mvua zilipokaribia, kinyozi akaleta saruji na mchanga. "Kaka, nipigie plasta ukuta wangu kwa nje. Utaloa."

Timazi akapanda juu ya pipa, akaishusha timazi yake. Akaisubiri itulie.

"Umepinda?" kinyozi akauliza.

"Haujapinda."

"Bahati yangu hiyo!"

Timazi akaukunja uzi polepole, akautia mfukoni.

"Ndiyo," akasema. "Bahati yako."

Akachota saruji kwa mwiko, akaanza na zile alama za penseli.