Saa yangu ya ukutani ilisema ukweli siku tatu tu, na siku ya kwanza ikamharibia binti yangu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi si mtu wa kuandika sana. Huwa napita kusoma nyuzi zenu, nacheka, natoka. Leo nina jambo ambalo sijamwambia mtu tangu miaka ya tisini, hata mama watoto alikufa bila kulijua lote. Sijaongeza chumvi mahali popote. Ningekuwa naongeza, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Kibera, upande wa karibu na Olympic, chumba kimoja cha mabati. Mimi nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja Industrial Area. Mama watoto alikuwa akiuza mboga Soko la Toi. Kifungua mimba wetu, Akoth, ndiye ninayemzungumzia.

Sasa kazini kwetu geti lilikuwa likifungwa saa moja asubuhi. Ukifika na dakika moja juu, unageuza. Niligeuzwa mara mbili kwa mwezi mmoja, nikaona hapana. Nikanunua saa ya ukutani pale Toi, mtumba, haina hata kioo, unaweza kuisukuma mishale kwa kidole. Nikaiweka mbele dakika thelathini na tano.

Najua wengi wenu mnafanya hivyo hivyo hata leo, msinicheke.

Nilichokosea ni kwamba sikumwambia mtu. Niliona nikisema, kila mtu ataanza kujilegeza kwamba "bado kuna muda". Kwa hiyo nyumba nzima iliishi kwa saa yangu, na mimi peke yangu nikijua inadanganya. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Akoth alikuwa na miaka minane au tisa nilipoanza kumfundisha kusoma saa. Nilitengeneza saa nyingine kwa kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia, mishale ya kadibodi, katikati msumari.

Wakuu, kazi ilikuwepo. Mwalimu shuleni anamwambia mshale mfupi ukiwa kwenye nane ni eight o'clock. Akija nyumbani mimi namwambia ni saa mbili. Mtoto ananiangalia, anaangalia kifuniko, machozi yanaanza. Mimi nami sikuwa na subira. Nilikuwa nikipiga meza na mwiko na kuuliza swali lile lile kwa sauti kubwa zaidi, utadhani ukikemea mtoto akili inafunguka.

Lakini alishika. Kufika darasa la tano alikuwa anasoma saa kuliko mama yake, na hesabu ndiyo ilikuwa chakula chake. Mwalimu wa darasa aliniita siku moja akaniambia huyu msichana nisimchezee, anaweza kuitwa shule kubwa ya bweni. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimevimba kifua.

Kuanzia hapo nikawa mkali wa time table.

Chumba chetu hakikuwa na dirisha la maana. Mwanga uliingia mlangoni. Kwa hiyo homework ilikuwa lazima ifanywe kabla giza halijaingia, Akoth amekaa kwenye kigoda mlangoni, vitabu magotini. Lakini wakati huo huo ndio wa kupanga foleni ya maji, ndio wa kumbeba mdogo wake, ndio wa kuwasha jiko. Nikamwandikia ratiba: maji hadi saa fulani, homework kuanzia saa kumi na moja na nusu, jiko baadaye. Niliandika kwa kufuata saa ya ukutani, ile yangu iliyo mbele. Akaibandika ukutani chini ya saa. Akizidisha dakika tano kwenye maji, nilikuwa namsomea mashtaka kama hakimu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikulijua wakati huo.

Jirani yetu Mama Lavender alikuwa na redio. Mabati ni mabati, redio ya jirani ni yako. Jioni ikifika saa moja ya taarifa ya habari, redio inapiga zile pii pii pii. Akoth akaangalia saa yangu, inasema saa moja na dakika thelathini na tano. Akaangalia kesho yake, hivyo hivyo. Akaangalia wiki nzima. Mtoto niliyemfundisha kwa mwiko alinishika uongo wangu kwa hesabu.

Akamwambia mama yake. Mama yake akamwambia, "We toa tu thirty-five kila saa, na usimwambie babako. Ataanza kelele."

Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inatoa thelathini na tano. Mimi natoa kimya kimya, mama anatoa, mtoto anatoa. Saa iko ukutani inadanganya, na hakuna anayedanganyika. Tuliishi hivyo zaidi ya miaka mitatu.

Ikafika mwaka wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Jioni kabla ya mtihani niliwahi kutoka kazini. Akoth alikuwa ameenda maji, mama yake bado yuko Toi. Nimekaa peke yangu naiangalia ile saa, na nikashikwa na huruma ya ajabu. Nikasema, huyu mtoto amefuata ratiba yangu miaka yote bila kunijibu vibaya. Kesho ni siku yake. Siku ya mtihani wangu wa maisha nisingetaka mtu anidanganye saa. Tena atafika mapema mno asimame nje kwenye baridi, achoke kabla ya kuanza.

Nikainuka, nikaweka kidole kwenye ule mshale mrefu, nikaurudisha nyuma dakika thelathini na tano.

Nilijisikia mzazi mzuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, wakuu. Nilijisikia vizuri.

Aliporudi na mtungi nikamwambia, "Kesho hiyo saa ikifika moja na nusu, toka. Unasikia?"

"Ndio, Baba."

Kumwambia kwamba nimeirekebisha ilikuwa nimwambie pia kwamba ilikuwa mbovu miaka yote hiyo. Sikuweza. Mimi niliyekuwa nikimsomea mashtaka ya dakika tano.

Alfajiri nikaondoka kwa miguu kama kawaida. Mama yake naye akatoka kwenda Toi kuwahi mboga. Mama Lavender hakuwepo, alikuwa amesafiri kwao kwa matanga, redio imelala. Na siku za KCPE madarasa mengine hukaa nyumbani, kwa hiyo hakukuwa na watoto wenye yunifomu kupita mlangoni wamshtue.

Walikuwa wameambiwa wawe shuleni saa mbili, karatasi ya kwanza saa mbili na nusu. Ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Akoth alikuwa na hesabu yake tayari: atoke saa moja na nusu ya kweli, ambayo kwa saa ya Baba ni saa mbili na dakika tano. Akamwogesha mdogo wake, akampeleka kwa jirani wa pili, akarudi akapitia madaftari yake ametulia. Saa ya ukutani ikasema mbili na tano. Akabeba rula na penseli zake akatoka.

Nayo ilikuwa mbili na tano kweli.

Alikuta geti limefungwa. Kuna askari, hamjui mtoto, hataki kusikia. Alisimama pale akilia mpaka mwalimu mmoja alipomwona na kwenda kumwombea kwa msimamizi. Aliingia ndani inakaribia saa tatu. Karatasi ya kwanza ilikuwa hesabu. Chakula chake.

Aliniambia siku moja tu kuhusu chumba kile, tena kwa kifupi. Alisema namba zilikuwa zinatembea kwenye karatasi, na kila alipoinua macho kuangalia saa ya msimamizi hakuwa na uhakika anasoma nini.

Jioni hiyo nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imeshafika Toi na kurudi. Mama yake analia, Akoth amekaa kwenye kigoda mlangoni. Wakuu, nilichofanya sitakipamba. Nilipiga kelele majirani wa plot nzima wakatoka nje.

"Si nilikuambia moja na nusu? Si nilikufunza saa mimi mwenyewe? Saa ya ukutani haijakosea, ni wewe umekosea!"

Akainamisha kichwa. Angeweza kusema tunatoa thelathini na tano. Lakini hapo angemchongea mama yake. Akasema tu, "Nilisoma vibaya, Baba."

Na mama yake hakufungua mdomo. Mpaka leo sijui alikuwa anamwogopa nani, mimi au ukweli. Pengine ni kitu kimoja.

Siku mbili zilizobaki nilimsindikiza mimi mwenyewe mpaka getini, nimenuna, hatuongei njia nzima. Kazini wakanipa onyo, nikamlaumu yeye pia kwa hilo. Mtihani ulipoisha nikarudisha ile saa mbele dakika thelathini na tano, maana nilikuwa na geti langu la kuwahi.

Matokeo yalitoka mwisho wa mwaka. Masomo mengine alipasua vizuri. Hesabu ilianguka vibaya ikayavuta yote chini. Ile shule ya bweni haikumwita. Akaenda ya kutwa, ambayo haikuwa na walimu wa kutosha, na form three akaacha. Alikuwa ameshaacha kupenda. Mtu aliyekuwa akifanya hesabu kwa kujifurahisha alikuwa sasa anampa mdogo wake ahesabu chenji.

Mwezi wa kwanza, mara tu baada ya matokeo hayo, nilikuwa natoa kalenda ya mwaka uliopita ukutani. Nyuma yake kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa ugali uliokauka. Mwandiko wa Akoth, rula imepiga mistari miwili safi.

Upande mmoja ameandika SAA YA BABA. Upande wa pili, SAA YENYEWE.

Homework, 11.30, na pembeni 10.55. Jiko, kulala, kuamka, zote zimetolewa thelathini na tano bila kosa hata moja. Mstari wa mwisho ulikuwa: kutoka siku ya mtihani, 2.05, na pembeni 1.30.

Nikakaa nayo kitandani. Nilimwita mama yake nikamwuliza, ndipo akanieleza habari ya redio. Halafu akaongeza, bila kujua anachoniambia, "Huyo mtoto hata Mama Lavender aliporudi alipima tena. Akakuta ni thirty-five ile ile. Ndio akajua ni macho yake yalimkosesha."

Alipima tena, wakuu. Alikuwa na wazo sahihi. Alishuku saa, akaipima, na mimi nilikuwa nimeshalificha kosa.

Pale ningesema. Alikuwa nje anafua, hatua tatu. Badala yake nilichukua ile karatasi nikaitia kwenye jiko. Nikamwambia mama yake mambo yamepita tuyaache.

Sasa kwa nini naandika leo.

Akoth anakaa Kawangware, ana mume mzuri na kijana wa miaka minane, Steve. Anashona nguo. Wateja wanamsifu kwamba hachelewi kamwe. Hawajui kwamba simu yake ina alarm tatu kwa kila jambo, na bado atakuuliza, "Hebu niangalilie, ni saa ngapi?" Akienda kliniki anafika kabla mlango haujafunguliwa. Ndugu zake wanamtania. Mimi huwa natoka nje wakianza.

Niko kwake tangu wiki jana. Jana baada ya chakula akaniletea sahani ya karatasi ambayo Steve ameandika namba, akasema, "Baba, huyu wamempa homework ya saa. Nisaidie kumfunza. Mimi na saa hatujawahi kuelewana."

Alisema akicheka. Hana kinyongo nami hata kidogo, wakuu. Anadhani ni maumbile yake.

Nikamketisha Steve. Akaangalia saa iliyo ukutani kwa mama yake, akaniuliza, "Babu, hiyo saa iko sawa?"

Kabla sijafungua mdomo, mama yake akajibu kutoka jikoni, kwa upole kabisa, maneno yangu mwenyewe:

"Saa ya ukutani haijakosea, Steve. Ni wewe uangalie vizuri."

Nimemwambia mtoto kichwa kinaniuma, tutaanza kesho. Hiyo kesho ni leo, na sahani yake iko hapa mezani mbele yangu.

Somo nililopata ni hili: mtoto akikosea, kabla hujapiga kelele, kakague kwanza kile ulichompa akitumie. Mimi nilikagua mtoto peke yake.

Wenye watoto wakubwa, nawaomba mniambie bila kunihurumia. Ana miaka arobaini na kitu. Nikimwambia leo, nitakuwa namrudishia kitu, au nitakuwa najipunguzia mzigo wangu kwa kumwekea yeye? Nasoma kila comment. Yuko hapo nje anaanua nguo, hatua tatu.