Baba Violet na Simu ya Kwenye Usukani

Mama Violet alikwenda Dar es Salaam kumlea mjukuu kwa miezi mitatu. Huu ni mwaka wa tatu. Siku anaondoka alimwambia mumewe, Mansuetus, nami jirani yao nikisikia: "Ukishindwa kukaa peke yako, sema, nitarudi." Mwanaume wa Kimatengo aseme ameshindwa? Thubutu.

Badala ya kusema, Oktoba hii kahawa ilipochanua akaamua kumrekodia mkewe njia yote, kutoka kanisani Mapera hadi nyumbani, ili atamani kurudi mwenyewe. Akaifunga simu kwenye usukani wa baiskeli kwa mpira wa tyubu. Video ya kwanza ilitikisika mpaka kichwa kikaniuma. Nikampa kipande cha sponji ya godoro akiweke chini ya simu, na Jumapili baada ya misa akajaribu tena.

Aliniletea tuitazame. Safari hii picha ilitulia: kahawa nyeupe pande zote, kilima ambacho hukipanda akisukuma baiskeli, wazee anaoshuka kuwaamkia. Ila kulikuwa na mtu anaongea njia nzima. "Chumvi imeisha, Mama Violet. Leo tupike nini? Maharage tena? Haya, maharage."

"Nani huyo?" akaniuliza.

"Ni wewe, Baba Violet."

Alikataa katakata. Kisha akasikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, nami kwa huruma nikashindwa kumtazama. Mimi ni mjane, naijua nyumba ya mtu mmoja, lakini sikujua kwamba amefikia hapo.

"Mtumie hiyo hiyo," nikamwambia.

"Atadhani nina shida, Mama Wendelin."

"Kwani huna?"

Kesho yake akairudia safari nzima, mdomo kaufunga, akatuma hiyo. Nilimkasirikia, lakini mke si wangu.

Jibu lilikuja jioni. Akaja kunisomea, amesimama mlangoni: "Kahawa imependeza sana. Nilikuwa na wasiwasi na wewe, nikaanza hata kufunga mizigo. Sasa nimetulia, nimeona uko salama. Nitakaa mpaka mtoto aanze shule."

Akaisoma mara ya pili, polepole. Halafu akaniuliza kama ile video ya Jumapili, ikishafutwa kwenye simu, inaweza kurudi.

Nikamwambia sijui.