Landrova ya Marehemu Baba

Hapa Ikungi wananiita mama wa magari mabovu, na sijawahi kukasirika. Nimestaafu ualimu, watoto wanajitegemea, kwa hiyo muda wangu nautumia nitakavyo: naingia nyua za watu kutazama magari ya zamani ambayo hayajanyooshwa wala kupakwa rangi upya. Nionyeshe landrova iliyojaa mavi ya kuku, nitakuambia ni ya awali au ya baadaye. Za awali taa za mbele zimekaa katikati, karibu na wavu wa rejeta, hazijahamia mabegani. Mafundi wa gereji huja kuniuliza mimi. Najisifu, ndiyo. Nikisubiri kusifiwa nitazeeka bure.

Lakini gari moja nililitafuta kuliko yote: landrova ya idara ya mifugo aliyoiendesha marehemu baba, akipeleka chanjo vijijini. Iliuzwa mnadani nikiwa msichana, ikapotea.

Mwaka jana nikasikia iko moja iliyokuwa ya idara hiyo, Misigiri, kwa mkulima wa alizeti, na kwamba anaipaka rangi ipendeze kwenye harusi ya mwanawe. Nilipanda basi asubuhi hiyohiyo. Nilimkuta fundi ameshapiga msasa boneti nzima, anaelekea mlango wa dereva.

"Shikamoo baba," nilimsalimu mwenye gari. "Naomba fundi apumzike kidogo. Nadhani hii ndiyo aliyoendesha baba yangu."

"Marahaba. Landrova ziko nyingi, mwanangu. Utaijuaje?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Namba zilishabadilishwa, injini si yake, viti vimeshonwa upya. Nilifungua mlango wa dereva, nikapiga magoti mavumbini na gauni langu zuri, nikapapasa ukingo wa ndani, ambako rangi ya kwanza hubaki. Rangi ya kiwandani ilikuwa imekwanguliwa kwa ncha ya kisu: mikato miwili mifupi, na mmoja mrefu chini yake.

Kwetu ng'ombe hutambuliwa kwa mikato ya sikio, kila ukoo na yake, na hiyo ilikuwa yetu. Baba, mtumishi mtiifu asiyechelewa kazini hata siku moja, alikuwa ameitia alama mali ya serikali! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilimwonea fahari kuliko nilivyowahi kukionea cheti chochote changu.

Mwenye gari aliinama, akapitisha kidole kwenye ile mikato mara mbili. Naye anafuga, hakuhitaji maelezo.

"Fundi, kusanya msasa wako," alisema. "Mnyama mwenye alama ya watu hafutwi. Bibi harusi atapanda hivihivi."

"Na boneti, mzee? Nimeshaikwangua."

"Iache ilivyo."

Kisha akaniuliza baba alikuwa na ng'ombe wangapi. Wanne, nikamjibu, hao ndio tuliowakamua, na maziwa yao ndiyo yaliyonisomesha. Nikaushika tena ule mlango. Kumbe baba mwenyewe alikuwa akihesabu watano.