Upande wa Dirisha

Sogea karibu unisikilize, maana swali hili nimeulizwa mara nyingi pale kwenye kioski cha maji, mtaani kwetu Mashimoni: kati ya hoteli mbili kubwa nilizofanyia kazi hapa Nairobi, ipi ni nzuri zaidi? Watu hutarajia nianze na bwawa la kuogelea. Mimi huanza na vitanda, kwa sababu kazi yangu ni kutandika.

Hoteli ya kwanza ni ya zamani. Sakafu zake ni za mbao, zinalia ukizikanyaga, na miti ya bustani hutia giza vyumba vya chini hata mchana. Maji ya moto huchelewa kufika bombani, lakini mgeni akirudi mara ya pili, mlinzi wa langoni anamkumbuka. Ya pili ni mpya, vioo vitupu kuanzia chini hadi juu. Maji ni moto papo hapo, mazulia yanameza hatua zako, na mapazia hufunguka ukibonyeza kitufe. Ukitaka kulala vizuri, nenda ya pili. Hata chakula cha wafanyakazi ni bora huko.

Lakini kuna tofauti ambayo mgeni haioni. Katika hoteli ya zamani tulitandika wawili wawili. Mmoja husimama upande wa dirisha, mwenzake upande wa mlango. Mmoja anarusha shuka, mwingine analidaka likiwa bado hewani, wanavuta pamoja, kisha kila mmoja anakunja kona zake. Mimi nilikuwa wa dirisha. Mwenzangu, mama wa kutoka magharibi aliyekuwa akikaa Kawangware, alikuwa wa mlango. Tulifanya hivyo kwa miaka mingi, hadi wafanyakazi wengine wakatuita Dirisha na Mlango.

"Vuta, Dirisha! Unabembeleza shuka kwani ni mtoto?"

"Tulia wewe. Angalia kona yako, kama chapati imekunjwa na mlevi."

Kisha hoteli ikafunga vyumba ili ikarabatiwe, nasi tukarudishwa nyumbani. Mwenzangu akaamua kurudi kwao kumtunza mama yake. Mimi nikaomba kazi katika hoteli mpya, nikachukuliwa kwa majaribio.

Kule kila chumba kina mtu mmoja. Siku ya kwanza msimamizi alisimama mlangoni kuniangalia. Nikarusha shuka, nikabaki nimeinua mikono, nikingoja. Shuka likapita juu ya kitanda, likaangukia zuliani upande wa pili.

"Unangoja nani?" akaniuliza.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akazunguka kitanda, akatazama kona zangu. Za upande wa dirisha zilikuwa zimenyooka kama sanduku. Za upande wa mlango zilivimba. Ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile nilikuwa najua nusu ya kitanda tu. Ukihamia upande wa pili mikono inabadilishana kazi: ule uliozoea kushika ndio unaotakiwa kukunja, nao haujui pa kuanzia.

"Mama, huku ni hoteli, kule ni hosteli," msimamizi alisema, akionyesha pande mbili za kitanda. "Jumatatu nitaangalia tena. Ikiwa hivi, siwezi kukupitisha."

Nisingepita, ningerudi kwetu Kitui. Hapa mjini hakuna kingine kilichobaki kunishikilia. Kwa hiyo nilitaka kufanya mazoezi nyumbani, lakini chumba changu ni kidogo na kitanda kimegusa ukuta. Hakina upande wa pili.

Jumapili, baada ya kanisa, nikatembea. Nikapitia mtaa wa Olympic, nikavuka Barabara ya Ngong, nikafika Kawangware jua likiwa kali. Nilimkuta mwenzangu anafunga mizigo.

"Niaje, Dirisha! Umekuja kunisaidia ama umekuja kulia?"

"Nimekuja unifundishe upande wako."

Alicheka mpaka akakalia gunia la vyombo. Nilipomweleza habari za Jumatatu, akainuka. Kwa kuwa vitu vingi vilikuwa vimeshafungwa, tuliweza kuvuta kitanda hadi katikati ya chumba. Akatoa shuka kwenye begi alilokuwa ameshalifunga. Mimi nikasimama upande wa mlango, yeye upande wa dirisha, ingawa nyumba ile haikuwa na dirisha.

"Sasa rusha," akasema. "Na mimi sidaki."

Akaficha mikono nyuma ya mgongo. Nikarusha, likaanguka miguuni pake, na hakuliokota. Akaniambia nichomeke kona moja kwanza chini ya godoro, ikamate, ndipo nirushe na kuzunguka. Nikafanya hivyo. Kisha akaja nyuma yangu, akaiweka mikono yake juu ya yangu, tukaikunja kona ya upande wa mlango pamoja, tukaifungua, tukaikunja tena, mpaka alipoondoa mikono nami nisitambue.

"Imekubali! Wewe sasa hauhitaji mtu," akasema.

Alisema hivyo kunipa moyo, na mimi nikashukuru. Nilijishughulisha na kulikunja lile shuka. Yeye alijishughulisha na zipu ya begi. Tulirudisha kitanda ukutani.

Jumatatu msimamizi alipitisha kiganja juu ya kona zote nne. "Sawa. Umepita," akasema, akaenda chumba kingine. Zulia likameza hatua zake. Nilibaki nimesimama upande wa mlango, nikitazama ng'ambo ya kitanda, kwenye pazia.

Kwa hiyo, hoteli mpya ni nzuri zaidi, na bado nipo huko. Mwenzangu hunipigia simu, huuliza kama kona zinakaa, nami humwambia zinakaa. Simwambii kwamba shuka likiwa hewani mikono yangu hukawia kidogo.

Wewe, kama una mtu wa kushika ncha ya pili ya shuka, kesho asubuhi badilishaneni pande. Yeye asimame pako, wewe usimame pake, mkitandike kitanda pamoja.